Kikopo cha Makohozi

Jumatatu, 3 Februari
Nimemeza dawa na uji. Halafu kupura ndengu kwa fimbo na Mama, leso usoni. Vumbi jingi. Hospitalini walisema ni maambukizi ya kifua, nimalize dawa. Karibu zinaisha. Makohozi yalikuwa ya manjano, sasa ni ya kijani. Natemea nyuma ya choo na kufukia. Sitaki mtu aone.

Alhamisi, 6 Februari
Dawa zimeisha. Kikohozi kipo. Na leo Wawira amekohoa. Ana miaka mitatu, tunalala kitanda kimoja. Kama hiki ni kifua kikuu, basi nimempa mdogo wangu. Nimemwambia Mama nitalala chini kwa sababu ya joto.

Ijumaa, 7 Februari
Nimerudi hospitalini peke yangu. Daktari aliuliza rangi ya makohozi. Nikasema ni ya kawaida. Kwa nini nilidanganya? Hata hivyo akanipa kikopo.

Benchi nje lilijaa watu wa kanisa letu. Cucu, nyanya yangu, ametulea hivi: msichana hatoi makohozi mbele ya watu. Nikageukia ukuta, nikatema kidogo bila sauti. Mama wa maabara akainua kikopo kwenye mwanga.

"Haya ni mate, mrembo! Mate waachie wazee wabariki nayo. Mimi nataka kitu ya kifuani."

Benchi lote likacheka. Nilitaka ardhi inimeze. Nimepewa kikopo kingine, nilete Jumatatu asubuhi, kabla ya chai.

Jumapili, 9 Februari
Sikwenda kanisani. Wawira ametaka nimbebe, nimekataa. Amelia sana. Najichukia.

Jumatatu, 10 Februari
Nilisimama uani kumepambazuka. Nikavuta pumzi, nikakohoa kutoka chini kabisa. Kuku wakatawanyika. Niliona aibu, nikataka kuacha. Kumbe Cucu alikuwa mlangoni pa jikoni.

"Toa, mwari! Toa yote! Unamwekea nani?"

Nikatoa. Ya kijani, mazito, yanachukiza. Hospitalini nilimwambia daktari ukweli wote, rangi, na habari za Wawira pia. Sasa ni kungoja. Siwezi kula.

Jumatano, 12 Februari
Si kifua kikuu. Daktari amenibadilishia dawa, nirudi wiki ijayo. Wawira amepimwa, ni mafua tu.

Bado nakohoa. Nimerudi kitandani. Wawira amelala kinyume, miguu yake tumboni mwangu. Sijamsogeza.