Banda la Kuku Lenye Magurudumu Manne

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Limefika! Juu ya lori, limefungwa kamba kama mgonjwa, na kuku mmoja ndani. Hakuna aliyejua yumo mpaka tulipofungua mlango wa nyuma hapa kwetu Gongo la Mboto, Dar. Nikampigia kaka Isack: kuku wako huyu. Kasema mle.

Landrova la marehemu baba. Tangu tumzike, miaka minne, limekaa kwenye kiwanja cha kaka kule Mbezi Luis, kuku wanataga kwenye siti. Sasa kaka anajenga fremu za maduka, linamziba. Basi asubuhi, mbele ya mume wangu Gaudens, mama yuko kwenye spika ya simu kutoka kijijini Kilema, kaka katamka: Krismasi hii likipanda mpaka nyumbani Kilema kwa magurudumu yake lenyewe, anasaini kadi, linakuwa langu. Lisipofika, Januari anaita watu wa chuma chakavu. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi, kadi anayo yeye, kalamu anayo yeye.

Halafu akacheka. "Yusti, we si fundi cherehani? Haya, lishone hilo banda la kuku."

Nitalishona kweli! Baba alipokufa sie wasichana tulipata nini? Kihamba cha kaka, shamba lote la ukoo, nyumba ya kaka. Mie nilipata kitenge cha msiba na pole nyingi. Hili nalitaka. 

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya misa nimelizunguka na daftari. Bodi si mbaya, ni alumini, haishiki kutu. Ubaya uko chini. Nimekaa kwa dereva, nikakanyaga — mguu ukapita moja kwa moja ukagusa mchanga! Gaudens yuko kibarazani na chai yake: kumbe ni la kukimbia nalo kwa miguu, tutaokoa mafuta. Mwalimu wa jiografia huyo, anajiona mchekeshaji.

Nimekaa pale mpaka jua likaniunguza. Kwenye usukani huu baba alinifundisha kuendesha nikiwa na miaka kumi na tano. Alikuwa dereva wa misheni, na lilipochakaa wakamuuzia yeye. Kaka alikuwa seminari. Aliyekuwepo nyumbani ni mie, basi spana nikashika mie.

Alhamisi, 15 Agosti

Lusungu, mchomeleaji wa mtaa wa nyuma, kaja kulikagua. Kalala chini yake nusu saa, miguu tu inaonekana. Nikadhani kasinzia. Katoka: dada, chesisi nzima, ila mikono yake miwili ya pembeni imeoza, na sehemu za kuwekea miguu ndio basi tena.

Hela sina, nikamwambia wazi. Tumekubaliana: yeye anachomelea jioni baada ya kazi zake, mie namshonea watoto wake wanne sare za Januari. Wanne! Gaudens kasema afadhali hana mapacha.

Jumatano, 28 Agosti

Leo nimeaibika mpaka nikacheka na mie.

Lusungu alisema kazi ngumu ni kupima, pembe ni nyingi. Nikamwambia kupima niachie. Nimechukua karatasi zangu za manila, chaki, mkasi, nikatoa patani za sehemu zote za miguu, kulia na kushoto, kama natoa bega na kwapa la gauni. Safi kabisa! Lusungu akafuatisha kwenye bati nene, akakata. Jumla vipande sita.

Hata kimoja hakikuingia. Vyote vikubwa! Lusungu anageuza, anageuza, ananiangalia. Nikapima upya: kila upande umezidi sentimita moja na nusu.

Nafasi ya mshono! Mkono umezoea, jamani. Miaka ishirini naacha sentimita moja na nusu, na chuma nikakiachia. Lusungu alikaa chini akacheka mpaka miwani ya kuchomelea ikamdondoka. Dada, ulitaka nipige sindano wapi?

Lakini fundi ni fundi. Hakutupa kitu. Ile ziada kaikunja kwa nyundo kwenda chini, kipande kwa kipande, ndipo akachomelea. Kumbe ukingo uliokunjwa ni mgumu maradufu. Nikamwambia hilo kwetu linaitwa pindo. Nimeruka juu yake kwa miguu miwili, na huu mwili wangu, halijatikisika.

Ijumaa, 13 Septemba

Mbagala, kwa Hilal. Duka la spea alilirithi kwa baba yake, huko nyuma kuna vitu vya Landrova ambavyo hajavigusa tangu utoto wake. Silinda ya breki, mpya, bado kwenye karatasi ya mafuta! Bei kaitaja kwa upole kama anatoa pole. Nikafungua mkoba nihesabu hela. Ndipo mkewe Wahiba akaingia, akaona mkoba wangu una vipande vya vitambaa. Anatafuta wa kumshonea mapazia, Idi ilipita bila mapazia.

Silinda ya breki kwa mapazia ya sebule na vyumba vitatu. Hilal kasema tangu azaliwe hajawahi kufunga breki kwa pazia.

Jumatatu, 14 Oktoba

LIMEWAKA!

Sikukuu, watu wote majumbani. Kabureta nimeiosha mwenyewe jana kwenye beseni, plagi mpya, gasketi mpya. Lusungu kaunga betri ya jirani. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili likakohoa. Ya tatu — moshi mweusi, manyoya ya kuku yakaruka kutoka sijui wapi, na ule mngurumo! Nilikuwa nimeusahau na sikuwa nimeusahau. Nimelia na mikono yote ya grisi, uso ukawa kama chungu.

Nikampigia mama, nikaweka simu kwenye boneti bila kusema kitu. Akasikiliza. Akasikiliza. Kisha kasema: huyo si baba yako anarudi kutoka parokiani? Nilizima injini.

Nimetuma video kwenye grupu la familia. Watu wamejaza mioyo na vigelegele. Kaka Isack kaweka dole gumba. Moja.

Jumapili, 10 Novemba

Karibu wiki nne sikuandika, nilikuwa nashona. Siti tatu za mbele, ngozi ya bandia ya kahawia. Turubai la nyuma, sindano namba kumi na nane, nimevunja tano. Mtaani sasa naitwa Mama Landrova. Mteja kaja kuchukua gauni la send-off, kakuta nimelala chini ya gari, kaiuliza miguu yangu: fundi yupo?

Jumamosi, 30 Novemba

Safari ya kwanza barabarani! Mita mia mbili.

Breki nilifunga, hewa ndani ya mfumo sikuitoa yote. Kwenye kona ya kwa mama Khulud nikakanyaga — hola. Nikakanyaga tena — hola! Nikapita katikati ya kamba yake ya nguo, nikasimama kwenye rundo la mchanga wa jirani nikiwa na shuka la maua kwenye kioo na sidiria kwenye taa ya kushoto. Mama Khulud katoka ndani: angalau ungepiga honi, Yustina! Honi haipo, mama, naisubiri. Akacheka mpaka akashika mlango. Nguo nimezifua zote upya kwa mikono yangu.

Jioni tumetoa hewa, Gaudens anakanyaga, mie chini nafungua na kufunga. Mwalimu kakanyaga mara arobaini bila utani hata mmoja. Sasa linasimama unapotaka.

Jumapili, 8 Desemba

Kaka Isack kaja. Bila taarifa, na shemeji zake wawili, shati jeupe safi la kutoka kanisani — mkanda unang'aa. Kalizunguka. Kagusa boneti. Miezi minne liliitwa banda la kuku. Leo anawaambia shemeji zake: hili ndilo gari la mzee wetu, tumelifufua.

Tumelifufua! Nikachukua ufunguo.

Nikawazungusha mpaka Pugu na kurudi, mie naendesha. Halikuzima hata mara moja. Kaka alikaa kushoto kwangu. Tuliporudi shemeji zake wakashuka, yeye akabaki. Anatazama mkono wangu kwenye gia. Kisha kasema, taratibu tu, baba hakuwahi kunikalisha hapo hata siku moja. Nilikuwa narudi likizo kutoka seminari, nakuta we unaendesha, mie napewa kubeba vidumu vya maji.

Sikujua. Miaka yote hii sikujua kwamba hilo lilimuuma. Nilitaka kumshika mkono lakini wangu una grisi na yeye kavaa nguo nyeupe, basi nikamwambia karibu chakula. Kakataa, wana safari.

Ijumaa, 20 Desemba

Kila kitu tayari. Mafuta tanki zima, maji, tairi la akiba, bima, leseni. Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri tunaondoka, mie na Gaudens. Kila Mchaga wa Dar yuko barabarani wiki hii kwenda kwao Krismasi, kuhesabiwa, na mwaka huu na mie nahesabiwa na langu! Mama kashachagua mbuzi. Majirani wa Kilema wanapita kwake kuuliza litafika lini.

Sasa jioni kaka kapiga. Anakuja na sie, gari lake la Noah kamwachia mkewe na watoto. Nikasema karibu, siti zipo tatu. Akasema hapana, naendesha mie. Gari la baba linaingizwa getini na mtoto wa kiume, ndiyo mila.

Mila gani? Imeanza lini? Babu alikuwa na punda!

Nilimwambia hivyohivyo. Hakucheka. Kasema Yusti, watu wote watakuwa barabarani wanaangalia, unataka nionekane nimebebwa na dada yangu? Kadi nitakuja nayo. Fomu pia. Simu ikakatika, au kaikata.

Gaudens kaongeza jingine. Katoka kuambiwa na mke wa kaka: kaka wiki mbili hizi anajifunza gia kwenye Kanta, kilori cha jirani yake, kila siku akitoka kazini. Maana Noah haina klachi. Mtu mzima, miaka hamsini na mbili, anazima Kanta mbele ya watoto wa Mbezi ili tu aendeshe hili mara moja.

Nimekasirika na namhurumia, vyote kwa pamoja, sijui nianze na kipi. Nimemuuliza Gaudens angefanya nini. Kasema: mie nilikanyaga breki tu.

Jumamosi, 21 Desemba

Kumekucha. Saa kumi na mbili kasoro. Naandika nimekaa kwa dereva, daftari juu ya usukani. Injini inanguruma, imepata moto vizuri. Mtaa mzima uko nje: Lusungu na wanawe wanne, mama Khulud na chupa ya chai, watoto wameshika turubai kama wanalisindikiza wao. Gaudens yuko nyuma anafunga ndizi na mabegi.

Kaka kafika na pikipiki robo saa iliyopita. Suti, viatu vya kung'aa, bahasha ya kaki mkononi. Nikashuka nikamwamkia, shikamoo kaka, akaitikia vizuri tu. Akafungua bahasha mbele ya watu wote. Kadi ya gari. Jina la baba pale juu, limefifia. Fomu ya kubadilisha umiliki, jina langu kashaliandika kwa mkono wake, herufi kubwa za kiseminari. Bado saini.

Kasema nasaini sasa hivi, Yusti, mbele ya hawa mashahidi. Linakuwa lako mpaka kufa. Ila usukani leo ni wangu, toka hapa mpaka kwa mama.

Kwa sauti ya chini akaongeza: mara moja tu.

 Nilipanda nikafunga mlango, nikachukua daftari. Anadhani naandika hesabu ya mafuta.

Ninaweza kumpa. Najua naweza. Nitakaa katikati, nitamwambia lini akanyage klachi, tutafika usiku lakini tutafika, na karatasi nitakuwa nayo. Halafu getini mama ataona nani kwenye usukani? Ataona alichokiona kila siku, mtoto wa kiume anaingia na mali, binti anashuka na mabegi. Nalitaka gari. Nilidhani nalitaka gari tu.

Mama kapiga sasa hivi. Mmeondoka? Bado, mama. Nani anaendesha? Mimi, nimejibu kabla sijafikiri. Nimemsikia anamwambia mtu aliye karibu naye: ni yule yule wa baba yake.

Kaka kasikia, kioo kiko wazi na simu iko kwenye spika. Kasimama kwenye mlango wangu, kadi na fomu kaziweka juu ya bahasha tayari, anajipapasa mifuko ya suti. Huu, ule, wa ndani.  Kaingiza mkono dirishani.

Kasema, Yusti, nipe kalamu nisaini.

Kalamu ni hii hii ninayoandikia, nyingine sina. Nimemwambia nakupa kaka, sasa hivi nakupa. Zunguka tu, mlango wa abiria uko wazi, ukishakaa ndipo nakupa.

Kavuta mkono. Kapita mbele ya boneti. Kasimama katikati, mbele ya taa, suti inatikiswa na upepo wa alfajiri, anaangalia watu, anaangalia ule mlango —