Nimefumba Macho Tena

Alhamisi, Butiama. Mvua imekatika alfajiri na hewa ni nyepesi. Nimemaliza uji wote. Kifua kimetulia.

Kuna jambo nimewaficha watoto. Nimewaambia najipiga picha ya kitambulisho cha bima. Si kweli. Natafuta picha itakayotangulia jeneza langu.

Daktari wa Musoma amesema moyo umechoka. Nimefundisha fizikia miaka mingi, siwezi kubishana na pampu iliyochoka, kwa hiyo hilo halininyimi usingizi. Kinachonisumbua ni picha. Tulipomzika kaka yangu kule Guta, picha yake ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya watu. Begani kwake ukabaki mkono wa mwanamke mwenye bangili, na mpaka leo shemeji yangu anaulizwa mkono ule ni wa nani.

Mimi nataka uso wangu peke yake, wenye mwanga, kabla haujakonda zaidi.

Kamera ndogo ya dijitali aliniachia binti yangu alipohamia kwenye simu. Taa za studio na mwavuli wake mweupe nilivinunua kwa mpiga picha wa Bunda aliyefunga kazi. Kamera yenyewe haina pa kuchomeka waya wa taa. Bahati nzuri kila taa ina kijicho mgongoni: kikiona flashi ya kamera, taa nayo inawaka papo hapo. Basi nikawa naiweka kamera mezani ijihesabie sekunde, narudi kitini na fimbo yangu, nakaa, nasubiri.

Kila picha ilitoka na giza, na mimi nimefumba macho.

Nilidhani ni uzee. Juzi mke wangu, Mama Magesa, aliwahi kurudi kutoka kwaya akanikuta nimevaa suti, sebule nzima imejaa taa. Akachukua kamera, akazitazama picha zote.

"Baba Magesa, hizi ni za bima?"

Nikamwambia ukweli. Akawa anafuta kamera kwa ncha ya kitenge chake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia.

Alikuwa anacheka.

"Sasa mbona umelala hivi? Hii siyo ya kutangulia jeneza, mzee. Hii ni ya ndani ya jeneza!"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Na katika kucheka huko akili ikafunguka. Kamera hizi hutoa mwanga mara mbili: wa kwanza mdogo, wa kujipimia, halafu ndipo wa picha. Taa zangu zilikuwa zinautii ule wa kwanza na kumaliza nguvu zote. Mimi napigwa na mwanga, nafumba. Picha inapokuja kupigwa, taa ni tupu na macho yamefungwa. Nikautafuta kwenye kamera ule wa kujipimia, nikauzima. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeliona kosa hilo.

Mama Magesa akasimama nyuma ya kamera. Kabla ya kupiga alinifuata kitini, akanyoosha kola, akaniinua kidevu kwa vidole viwili.

"Kola gani hii? Wanafunzi ulikuwaga unawarudisha nyumbani kwa kola kama hii. Haya, tulia."

Mwanga ukajaa chumba.

Picha ilitoka. Macho wazi, mwanga umelala vizuri shavuni, nafanana na mimi.

Jana nikamwambia kola imekaa upande, turudie. Akarudi na vidole vyake vyenye harufu ya vitunguu. Leo tena akalalamika, "Wewe unajipenda, ulikuwaga hivi tangu uchumba," lakini alikuja, akanyoosha kola, akainua kidevu. Akapiga. Akatazama, akaguna: nimefumba macho. Itabidi turudie kesho.

Mama Magesa hasomi blogu, kwa hiyo hapa naweza kusema. Picha ya jeneza ipo tayari tangu juzi. Taa hazina kosa lolote.

Leo nilifumba makusudi.