Ndoo Mbili Kila Asubuhi

Jeddah, Ijumaa 12 Januari 2024

Shemeji Norman,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiamini vumbi la Riyadh halijakumaliza kifua. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo goti ndilo limenifanya niandike. Ningekutumia sauti, lakini sauti yangu unaijua, nikiongea hapa hata jirani anapata habari.

Unakumbuka ile kabini niliyopewa nyuma ya nyumba, ile ya kubebwa na lori, ambayo bosi aliinunua kwa ajili ya mafundi wakati wa ujenzi. Miaka mitatu nililala chumba cha kupigia pasi. Mlango hauna kufuli, watoto wanaingia kutafuta soksi nikiwa nimeinamisha kichwa naomba. Tangu Juni nina mlango wangu na ufunguo wangu. Shemeji, mwanamke wa miaka arobaini na saba, kuwa na ufunguo! Napiga magoti, namweleza Mungu yangu yote, naimba polepole, hakuna anayeniuliza.

Sasa Jumanne nimepiga magoti kando ya kitanda, hata amina sijafika, goti likazama. Sakafu imebonyea kama godoro. Nikasogea kidogo, ikabonyea na hapo. Bosi alikuja akakanyaga kwa kiatu, akasema, "Halas, basi, hii ni taka. Lori litaichukua, wewe urudi ndani." Nilimsihi. Nikamwambia nina shemeji fundi wa hizi kabini huko Riyadh. Alicheka, lakini akanipa mpaka Ramadhani ianze. Ikiwa haijakaa sawa, inaondoka.

Sijui kosa liko wapi, kwa maana pahali penyewe ni pasafi, hata ungekula chakula chini. Kila asubuhi naimwagia ndoo mbili za maji ya sabuni, nayasukuma nje kwa ule mpira wenye mpini, sakafu inang'aa kama sahani. Niambie la kufanya. Usiniambie nirudi chumba cha pasi.

Ni mimi shemeji yako,
Risper


Riyadh, Jumapili 14 Januari 2024

Shemeji Risper wa magoti mazito,

Salamu nimezipokea na kicheko juu. Mimi niko salama hapa mtaani Manfuha. Tunalala sita chumbani na mwenye kukoroma ni mmoja tu, wanasema ni mimi. Mke wangu, mdogo wako Monicah, ni mzima huko nyumbani, anauliza kama unakula vizuri.

Kuhusu sakafu, toa wasiwasi kabisa. Mwaka jana pekee nimebadilisha sakafu za kabini zaidi ya arobaini, za kambi za wafanyakazi. Chini ya hiyo kapeti yako ya plastiki kuna chipubodi, yaani unga wa mbao ulioshikwa na gundi. Ikinywa maji inavimba kama mandazi kwenye chai, halafu inamomonyoka. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote, tafuta maji. Ukiweka ubao mpya na maji bado yanaingia, mwakani utaandika barua hii hii.

Fanya hivi. Kunja kapeti yote. Chukua bisibisi, dunga ukianzia pazima ukienda pabovu. Inapozama bila nguvu, weka alama ya chaki. Kisha kagua dari, dirisha, AC, na mpira wa maji wa ile mashine ya kufulia uliyowekewa humo. Kila mahali pangusa na karatasi ya choo. Jicho linaweza kukosa unyevu, karatasi haikosi. Nitumie picha.

Na yule dereva Mkenya wa bosi wako, Elijah, mwambie asishike msumeno mpaka niseme.

Shemeji yako,
Norman


Jeddah, Ijumaa 19 Januari 2024

Shemeji,

Amani iwe nawe na wote sita, hasa wale watano wasiopata usingizi. Mimi mwili uko sawa, moyo ndio unanisumbua.

Nimefanya yote. Picha hizo hapo. Chaki imezunguka kuta zote na pale mlangoni ni vibaya zaidi, bisibisi iliingia mpaka mpini. Katikati ya chumba ni pagumu kabisa. Dari na dirisha, kavu. AC kavu. Mpira wa mashine, karatasi imetoka kavu kama ilivyoingia.

Lakini bosi ameshaamua. Elijah ndiye aliyeunga ile mashine mwezi wa tisa, kwa hiyo Elijah ndiye aliyeharibu. Amemwambia likizo yake imesimama mpaka mambo ya kabini yaishe. Na Beverly, binti yake, anaolewa tarehe kumi na sita Machi! Elijah alienda akaanza kupangusa gari lililokuwa safi tayari.

Maji yanatoka wapi, Norman? Nimeomba Mungu anionyeshe.

Shemeji yako,
Risper


Riyadh, Jumapili 21 Januari 2024

Shemeji mpendwa,

Hujambo, na magoti hayajambo? Sisi huku baridi ya asubuhi inatuuma masikio, lakini tunashukuru.

Nimezitazama picha zako siku mbili. Ubovu pembeni, uzima katikati. Bomba likivuja, panaoza pale lilipo, halizunguki kuta zote. Basi nikarudi kwenye barua yako ya kwanza. Nikafika pale pa ndoo mbili. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Hakuna kinachovuja, shemeji. Ni wewe.

Usikasirike. Sisi tumekulia kwenye saruji. Mama asiposikia maji yakimwagwa anajua hujaosha. Na hapo kwa madam ni marumaru, mwaga utakavyo. Lakini kabini ni mbao. Unasukuma maji kwa ule mpira, yanakimbilia kutani na mlangoni, yanapenya chini ya kapeti na hayatoki tena. Ndoo mbili, kwa siku mia mbili na kitu. Monicah angefanya vile vile, na mimi ningembebea ndoo.

Ubao tutautengeneza, hiyo ni kazi yangu. Lililobaki ni la Elijah, na hilo sina ujuzi wa kukufundisha.

Shemeji yako anayekupenda,
Norman


Riyadh, Jumapili 4 Februari 2024

Shemeji Risper,

Salamu tena. Wiki mbili zimepita. Naona alama za buluu, umesoma. Monicah naye anasema ukimpigia unaongea habari za hali ya hewa tu.

Ikiwa nimekuumiza, nisamehe kwa namna nilivyosema. Nilichosema ndicho hicho hicho. Andika hata mstari mmoja.

Shemeji yako,
Norman


Jeddah, Ijumaa 9 Februari 2024

Shemeji Norman,

Nisamehe wewe pia. Afya ninayo, usingizi ndio ulikuwa haba.

Wacha nikwambie ukweli, maana wewe hunicheki vibaya. Kwa siku nne baada ya barua yako niliendelea kuomba Mungu anionyeshe bomba. Siku ya tano nikiwa napiga pasi nikajisikia mwenyewe. Jamani, nilikuwa namwomba Mungu atoboe bomba ili nisiwe mimi! Nikaweka pasi chini.

Niliwakuta bosi na madam wanakunywa kahawa. Nikasema, "Baba, si Elijah. Maji ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Naosha kwa ndoo. Mbili. Kila asubuhi."

"Kila asubuhi?"

"Hata Ijumaa, baba."

Madam akaweka kikombe. "Na mimi nilikuwa namsifu kwa usafi," akasema. Bosi akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nikautoa kwenye kamba ya shingoni, nikampa. Sasa nalala chumba cha pasi. Aibu ndiyo iliyonizuia kuandika.

Elijah amerudishiwa likizo siku ile ile, anasafiri tarehe ishirini na sita. Alinifuata jikoni. "Dada Risper, si ungenyamaza tu?"

"Na ungemwozaje Beverly?"

"Kwa simu. Siku hizi wanaoza kwa simu."

"Wewe ukiwa ndani ya skrini na tai shingoni?"

"Na chini kaptura," akasema, tukacheka mpaka madam akachungulia.

Ameahidi kunisaidia kabla hajaondoka. Bosi naye ameleta mbao na karatasi tatu za plaiwudi nyekundu, ile isiyonywa maji. Anasema tutengeneze, lakini hakusema ni nani atakayelala humo. Haya fundi, tunakata vipi?

Shemeji yako,
Risper


Riyadh, Jumapili 11 Februari 2024

Shemeji Risper,

Barua yako nimewasomea wenzangu wote chumbani. Mmoja amesema angenyamaza na kupata usingizi wake vizuri. Nimemwambia hata sasa hapati.

Sikiliza. Wembe wa msumeno ushuke unene wa ubao tu, usije ukakata waya chini. Usikate kwa kufuata ubovu. Endelea mpaka katikati ya boriti iliyo nzima, ili ubao wa zamani na mpya zote zipate pa kukalia. Boriti iliyooza pale mlangoni, kwangua uozo, ipe mbao mpya ya kusimama ubavuni mwake na uzifunge kwa bolti. Acha kila kitu kikauke wiki nzima, mlango wazi, feni ikivuma. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya unene wa sarafu. Skrubu kila shubiri moja. Mwisho silikoni, ile gundi ya kuziba mianya, kuta zote nne, na mlangoni mara mbili.

Ukimaliza, jaza glasi maji mpaka mdomoni, iweke chini, upige magoti kando yake kwa uzito wako wote. Maji yakimwagika, kuna skrubu inakudanganya.

Kuhusu ufunguo sijui. Itengeneze kama utakayelala humo ni wewe.

Shemeji yako,
Norman


Jeddah, Ijumaa 1 Machi 2024

Shemeji na mwalimu wangu,

Bwana asifiwe, tena kwa sauti, maana sasa naweza. Mimi mzima, magoti yote mawili.

Nimekata mwenyewe. Elijah alishika ubao na kupiga kelele, "Dada, vidole! Dada, vidole vyangu!" kana kwamba nilikuwa navitafuta. Boriti ya mlangoni ilibomoka mkononi kama kashata ya juzi, tukaifanya ulivyosema. Silikoni ilinimaliza mikono, bado inanata nikikanda unga. Elijah ameondoka Jumatatu na suti mbili, anasema moja ni ya kulia machozi.

Jana baada ya chakula cha mchana madam alikuja na viatu vya kisigino. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, anasikiliza. Pale mlangoni akanishika bega, akaruka. Akaruka tena!

"Nani amekata hapa?"

"Mimi, madam."

"Wewe?"

"Mimi."

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo na kamba yake ile ile. Kisha akamwita mtoto alete kitambaa cha kupangusia chenye mpini mrefu, akaninyooshea kidole: "Ndoo, mafi." Nikamwambia mafi, madam, hakuna ndoo kabisa.

Leo baada ya chai nimefunga mlango kwa ufunguo. Nimejaza glasi mpaka mdomoni, nikaiweka kando ya kitanda, nikapiga magoti bila kujihurumia. Nimemwombea Beverly na ndoa yake, Monicah, wewe na koo lako. Bosi pia nimemwombea, kwa jina. Nimefika amina.

Hakuna tone lililomwagika. Nikainua glasi nikayanywa maji yote, nimesimama katikati ya chumba changu.

Shemeji yako,
Fundi Risper