Tulivyowafuata Mbingusi

Jumamosi, 11 Januari

Tumefika! Feri imetupepeta kama mchele kutoka bandari ya Taitung, bara, hadi hapa. Abiria wote vichwa ndani ya mifuko ya plastiki, isipokuwa Pei-ling. Yeye alikuwa anakula mandazi ya mvuke. "Shoga, bahari inatubembeleza tu," anasema huku anatafuna. Nilimchukia kidogo.

Kisiwa cha Kijani wakati wa baridi ni kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Skuta za kukodi zimefunikwa maturubai. Kulungu anakatiza barabara taratibu, anasimama katikati, anatutazama kama vile sisi ndio tuliopotea. Wingu limekaa juu ya mlima kama paka aliyeshiba.

Wanaokuja Januari wanafuata kitu kimoja: papa mbingusi, wale wenye kichwa cha nyundo. Wanapita kwenye ncha ya kusini makundi kwa makundi, chini, mkondo unapokuwa mkali. Pei-ling ameweka picha yao kwenye simu tangu muhula uanze. Darasani nilikuwa namwona anaigusa kwa kidole, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto.

Mama anajua nimekuja kuoga chemchemi ya moto. Si uongo. Si kweli pia.

Bosi Kuo, mwenye duka la uzamiaji, katupokea na chai. Akauliza tumezamia mara ngapi. Pei-ling akawahi: "Nyingi!" Nyingi! Kozi ya kwanza tuliifanya Septemba kule kwenye ufuko wa kasa, maji matulivu kama ya beseni, na tangu hapo tumerudi majini mara moja tu. Bosi akacheka, hakuuliza tena. Kasema kwa mbingusi lazima cheti cha ngazi ya juu na cha kuzamia kina kirefu, lakini hilo si tatizo, tutapata vyote kabla ya wikiendi. Mnajua kuogelea? Basi mnajua.

Jumapili, 12 Januari

Mwalimu wetu anaitwa Teng-wei. Rika letu! Nywele kazipaka rangi ya chungwa. Pei-ling alipomwita "mheshimiwa mwalimu" akawa mwekundu hadi masikioni. "Niiteni Teng tu, dada zangu."

Leo dira na kuelea. Nimepaa kama puto, Teng akanivuta kwa pezi la mguuni. Kisha nikazama kama jiwe, nikapiga goti kwenye matumbawe, tawi moja likavunjika bila sauti. Nikasema pole. Likatoka povu tupu.

Pei-ling anamaliza hewa kabla yetu sote. Anahema kama anakimbizwa. "Ndiyo mapafu ya muogeleaji haya," anajisifu. Teng kamwambia apumue polepole. Halafu kasema tutarekebisha huko huko chini.

Jumatatu, 13 Januari

Sijui nianzie wapi. Mita thelathini!

Tulishuka kwa kamba. Kijani kikawa bluu, bluu ikawa rangi isiyo na jina. Nikasikia moyo wangu, lakini kwa mbali, kama wa jirani. Halafu kitu kikafunguka. Baridi ikaisha. Woga ukaisha. Nilijua tu kwamba kila kitu ni kizuri — mchanga, kidole changu, samaki mdogo wa manjano aliyesimama mbele ya miwani yangu kama anasubiri nimwambie jambo. Nililijua hilo jambo! Lilikuwa mdomoni kabisa.

Teng akanipa kibao cha kuandikia. Jaribio: andika jina lako kinyumenyume. Nikaandika, nikaridhika. Tulipofika juu akanionyesha. Nilikuwa nimechora duara. Duara moja zuri, na ndani yake duara jingine.

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Pei-ling yeye aliandika jina la paka wake. Teng naye akacheka, akasema huo ndio ulevi wa kina, unampata kila mtu, ukipanda kidogo unaisha. Nikamuuliza, na kama mtu hataki kupanda? Akadhani natania.

Cheti kimeingia kwenye simu kabla nywele hazijakauka. Wazamiaji wa kina! Jioni wali wa kukaanga na samaki mrukaji. Sikusikia ladha. Bado niko kule.

Jumanne, 14 Januari

Upepo. Boti hazitoki. Tumekwenda chemchemi ya moto iliyo ufukweni, sisi watatu. Maji ya moto shingoni, mvua ya baridi utosini. Mawimbi yanapiga ukuta, mvuke unapanda, sura zinakuja na kupotea. Pei-ling kasinzia mdomo wazi.

Teng akaanza kusema, labda kwa sababu hakuwa ananiona vizuri. Majira ya baridi yaliyopita alikuwa anauza chai ya maziwa ya kutikiswa kwenye kibanda mjini Tainan. Akaja kisiwani likizo, akapenda, akachukua kozi moja juu ya nyingine bila kupumzika, wakampa ualimu. Bosi alikuwa na haraka ya kupata mwalimu, yeye alikuwa na haraka ya kutorudi kibandani.

"Na mbingusi wakoje?" nikamuuliza.

Akajimwagia maji ya moto usoni. Nikadhani hakusikia.

"Sijawahi kuwaona. Kesho ndiyo mara yangu ya kwanza kuongoza kule."

"Bosi anajua?"

"Bosi ndiye aliyenipanga."

Nikataka kumwamsha Pei-ling. Alikuwa anatabasamu usingizini. Nikamwacha. Nilijiambia nitamwambia usiku. Sasa ni usiku, ananipangia soksi zangu za mpira juu ya hita zipate joto, anaimba. Vipi nimwambie?

Jumatano, 15 Januari

Nimewaona. Niandike hilo kwanza, kabla ya mengine.

Pale ncha ya kusini unaruka na kuzama papo hapo, bila kuelea, la sivyo mkondo unakuchukua. Tukaruka. Tukashika mwamba. Mkondo ukatulaza sote kama nguo kwenye kamba. Teng mbele, Pei-ling katikati, mimi nyuma.

Wakaja. Hawakutoka mahali popote — bluu yenyewe iliganda ikawa wao. Mmoja, halafu ukuta mzima. Vichwa vinakwenda kulia, kushoto, kama watu wanaokataa jambo kwa upole. Hakuna sauti. Utamu ule wa juzi ukanipanda tena, kuanzia miguuni.

Pei-ling akaachia mwamba. Hakuvutwa. Niliona vidole vinafunguka kimoja kimoja. Akawashukia, mikono mbele, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Nikamtazama Teng. Kashika mwamba kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa makubwa nyuma ya kioo. Alimwona, najua alimwona. Hakusogea.

Nami nikaachia. Watu wasije wakasema ni ushujaa. Ilikuwa rahisi tu, kama kushuka ngazi za nyumbani kwetu gizani. Nikashuka, nikashuka. Ningeweza kumpita, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma — nilitaka kumpita. Mkono ukagusa mtungi wake wa hewa, ukajishikilia wenyewe. Akageuka. Akanitabasamia! Nyuma ya tabasamu, kipimo chake cha hewa, sindano imelala kwenye nyekundu.

Hapo nikaamka. Nikampa kipumulio changu cha akiba. Tukapanda. Hatukupanda, tulitoroka — tunapita povu letu wenyewe, saa ya kuzamia mkononi inalia kutuonya njia nzima. Pale karibu na juu ambapo lazima usimame, usubiri, hatukusimama.

Botini Pei-ling alicheka na kulia pamoja. Teng alipotokeza, alivua miwani akatapika baharini. Bosi Kuo gatini: "Mmewaona?" Pei-ling: "Tumewaona!" Bosi akapiga makofi. Hakuna aliyesema jingine. Mimi pia sikusema.

Pei-ling alipovua suti ya kuzamia, tumbo lake lilikuwa na mabaka ya zambarau, kama marumaru, kama ramani ya nchi nisiyoijua. Kasema suti imebana. Bosi kasema ni baridi, mpikieni tangawizi. Kalala jua likiwa bado juu.

Nampenda huyu. Na mbingusi wale — wazuri, wazuri mno.

Alhamisi, 16 Januari

Zahanati ya kisiwa. Mwandiko mbaya leo. Nitajitahidi.

Asubuhi Pei-ling alidondosha kikombe cha maziwa ya soya. Akainama kukiokota, vidole havikufunga. Akasimama, mguu ukaburuta. Tulitazamana.

"Zahanati," nikasema.

"Wee! Usiniharibie. Kesho tunarudi kule."

"Pei-ling, mguu wako."

"Umelala tu! Wewe nawe, woga umekuzidi."

Teng ndiye aliyembeba, kwenye skuta, bila kumuaga bosi. Nilimshika Pei-ling kwa nyuma asianguke. Kufika, Teng akamweleza daktari yote: kina, mwamba, mikono yake iliyokataa kuachia. Daktari hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Sasa kakaa nje kwenye ngazi, kofia ya skuta bado kichwani.

Ni gesi iliyobaki mwilini kwa kupanda haraka, daktari kasema, hugonga mishipa au viungo. Anahitaji chumba cha shinikizo, kiko ng'ambo, bara. Helikopta itakuja upepo ukilegea, itaruka chini chini juu ya maji. Mguu utarudi? Labda. Kuzamia je, akauliza Pei-ling. Daktari kasema yeyote aliyepatwa na hili asifikirie bahari kwa muda mrefu, pengine asirudi kabisa.

Nilimsikia vizuri. Yeyote.

Pei-ling yuko chini ya oksijeni. Barakoa inajaa ukungu, inatakata, inajaa. Juzi kwenye mvuke alikuwa hivi hivi. Sasa hivi kaiinua kidogo.

"Machi kuna kozi ya kina zaidi. Mimi na wewe. Niahidi."

"Rudisha barakoa."

"Niahidi kwanza!"

Nilipaswa kusema hapana. Nikafumba macho, nao walikuwa pale, vichwa vinakwenda kulia, kushoto. "Sawa," nikasema. Akarudisha.

Bega la kulia linauma tangu alfajiri. Kiwiko pia. Nililalia vibaya, kitanda ni kidogo. Kalamu nimeihamishia kushoto, ndiyo maana herufi zinaanguka hivi, kama za mtoto wa chekechea.

Sauti ya helikopta! Bado mbali. Muuguzi kaja kuuliza nani atapanda na mgonjwa. Nimesema mimi. Hajaondoka. Anatazama mkono wangu unavyoandika.

"Dada, wewe huandika kwa mkono wa kushoto?"

Anasubiri nimjibu.