Mama Hana Kiburi, Hasikii

Mnyuzi, kwenye shamba la mkonge

Kwa mdogo wangu Sefu,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na mkeo, na kwamba mvua zimewakumbuka huko Kang'ata. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umeshtuka na haujatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kungoja msafiri wa kumpa salamu za mdomo.

Muuza tumbaku mmoja aliyepita huko kwenu alinifikishia habari zenu. Alisema mama amegeuka: watu wanamwamkia haitikii, mkeo anapiga hodi na chakula mkononi ananyamaziwa, na mjomba ameamua apelekwe kwa mganga akakae huko, maana ama ana kiburi ama amepandwa na kitu. Nilisikitika. Sasa soma yaliyotokea hapa.

Tunaye mzee mmoja wa Kwashemshi, Mzee Shemweta, ambaye kazi yake ni kulisha mashine majani ya mkonge. Mashine ile inanguruma mno, na yeye yuko mdomoni mwake tangu iliposimikwa. Juzi, baada ya kazi, nyapara alimwita kutoka nyuma. Akamwita tena. Mzee akaendelea kufunga mzigo wake wa kuni, hata kugeuka hakugeuka. Nyapara akasema huyu ananidharau, akaamuru alazwe apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele yetu sote.

Mimi ndiye niliyeambiwa nimshike mikono, kwa hiyo uso wake ulielekea wangu. Katikati ya viboko akaniuliza, "Mwanangu, nimefanya nini?"

Sefu, hebu fikiri. Mtu anapigwa wala hajui kosa lake. Nikamjibu polepole, "Umeitwa, hukuitika." Akanitazama mdomo, akasema, "Kumbe niliitwa?"

Walipomaliza nilimfuata nyapara, nikamwambia, "Bwana, huyu mzee hasikii."

"Mbona wewe amekujibu?"

"Alinitazama mdomo, bwana. Gonga debe nyuma yake uone."

Akaligonga. Vibarua wote waliruka, mzee akaendelea kupangusa vumbi kwenye shuka yake. Nyapara hakuomba radhi, wale hawana desturi hiyo, ila tangu siku ile humwendea kwa mbele.

Basi nimejitwika kazi isiyo na ujira. Jioni napita kwenye vibanda vya vibarua nikiwaambia: ukitaka kusema na mzee, mguse bega, simama mbele yake penye mwanga, tema ugoro kwanza, na usipige kelele kama unayefukuza nyani shambani. Na wanaolisha mashine wazibe masikio kwa pamba. Wananicheka, wananiita mganga wa masikio. Waache wacheke. Nimeshawakuta wengine ambao sote tuliwaita wajeuri, kumbe ni viziwi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama, na usingizi ukanihama. Mkeo ni mtoto wa watu, ana adabu. Akimwamkia mkwewe hupiga magoti kando ya mlango, akainamisha uso, akasema kwa sauti ya chini kama alivyofunzwa kwao. Mama ataliona wapi neno lake? Adabu ile ndiyo inayomnyima mama salamu. Mwambie amtazame mkwewe usoni, kama kuna lawama nitaibeba mimi.

Mama akiwa anatwanga, gonga debe nyuma yake. Asipogeuka, nenda kwa mjomba umwambie safari ya kwa mganga haipo. Akikataa, mwambie asubiri nije mwenyewe. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini sasa mmejua.

Nisalimie mjomba, ingawa nimemkasirikia. Nisalimie mkeo, sina neno naye, na shangazi anayetuombea dua sote. Salamu za mama usizitume na mtu.

Kaa mbele yake wewe mwenyewe, umpe salamu zangu, kisha umuulize kama anajua anapelekwa wapi na kwa kosa gani. Ninachoogopa, ndugu yangu, ni kwamba mmekuwa mkiyapanga hayo yote mama akiwa amekaa papo hapo, anawatabasamia.

Ni mimi kaka yako,
Omari