Kocha Alinisikia

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba akija, mwonyeshe panapovuja.

Mwenzio nina habari. Asubuhi hii kocha kabisha hodi hapa kwetu! Unajua timu yetu inavyofungwa kila mechi, nami kazi yangu ni kumzomea kipa: "Hata mwanangu angedaka!" Kumbe kocha hunisikia. Kipa kavunjika kidole, basi amekuja kumchukua kitindamimba wetu. "Mzee, si ulisema mwenyewe?" Nikamwita mtoto.

Huyu huyu anayetuvunjia vikombe! Ameondoka mbio, hata chai hakunywa.

~~Usije uwanjani, utaumia moyo.~~ Njoo, tena ukae karibu nami. Leo mtu akimzomea kipa, unishike mikono.

Baba wa kipa