Mguu wa Philemon

Maretadu,
12 Agosti 1983

Kwako binamu Basili,

Sisi hatujambo. Maharage yamekauka vizuri na ng'ombe mwekundu amezaa. Juzi tumemzika Akonaay, tuliyesoma naye sekondari.

Philemon naye alikuja. Siku hizi ni bwana mkubwa kwenye shamba la ngano la serikali kule Hanang. Alishuka kwenye Landrova ya shamba na suti yake, akachechemea hadi kaburini kwa ule mguu uliovunjika tukicheza mpira kidato cha tatu. Unakumbuka Akonaay alivyombeba mgongoni hadi hospitali ya misheni, mvua inanyesha. Basi Philemon akahutubia kwamba yeye ndiye aliyembeba Akonaay. Na machozi akatoa.

Mtu wa namna gani huyo, Basili? Akonaay alikuwa dereva wake wa trekta. Alipozidiwa kule shambani, mkewe alikwenda kuomba Landrova hiyohiyo impeleke hospitali, Philemon akamjibu haina dizeli. Ya kuja kuhutubia ilipatikana.

Nilitaka kusema neno, lakini mama yake Akonaay alinitangulia. Philemon alimwinamia kumpa pole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na mguu. Akonaay aliniambia siku ile ulilia njia nzima mgongoni kwake."

Aliongea kwa upole tu, ila waombolezaji wote walisikia. Philemon hakungoja chakula. Landrova iliwaka mara moja.

Wasalimie watoto.

Nduguyo,
Bura